Risasi ya Dikidiki

Babu mzaa mama alipofariki, wajomba waligawana mashoka na mizinga ya nyuki, mama mdogo akachukua redio, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma historia, nikapewa kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake umeshika kutu. Ndani yake kulikuwa na maganda matatu ya risasi na goroli moja nzito ya kijivu.

Ganda la kwanza lina urefu unaokaribia kidole changu cha kati. Kitakoni pamegongwa neno KYNOCH, jina la kiwanda cha Birmingham, Uingereza, na tarakimu 375. La pili ni la .303, risasi ya jeshi la Waingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19. La tatu ni la .22, halizidi kucha ya kidole gumba. Goroli haina maandishi. Iliyeyushwa na kumiminwa kijijini, na ukiigusa unahisi mshono wa kalibu. Kwa Kiswahili kitu hiki ni risasi mara mbili: ni kile kinachotoka kwenye mtutu, na ni jina la madini yenyewe, maana ambayo ndiyo ya kwanza katika neno la Kiarabu tulilolichukua.

Kwa muda mrefu niliviona vitu hivi kuwa kumbukumbu za kazi. Sisi ni Wakimbu wa upande wa Itigi, watu wa asali na mawindo, na babu alikuwa mbeba bunduki. Kuanzia miaka ya 1950 aliwafuata wawindaji wa kizungu porini, akiwa amebeba bunduki ya pili, hatua mbili nyuma ya bwana. Baadaye nilielewa kwamba vitu vile vinne vilikuwa majibu manne ya swali moja ambalo aliwahi kuniuliza nikiwa kidato cha pili.

“Mjukuu wangu, dikidiki utampiga kwa risasi gani?”

Nilijibu kama ambavyo mtu yeyote angejibu. Mnyama mdogo, risasi ndogo.

Babu alicheka. “Basi wewe utakula manyoya.”

Dikidiki ana kilo tano hivi, kama mbuzi mchanga aliyeachishwa kunyonya. Vichaka vya Itigi, vile vilivyosongamana kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa kuinama, ndiyo nyumba yake. Anaishi na mwenzake, dume na jike, katika eneo lao dogo ambalo hulitia alama kwa samadi na kwa utomvu mweusi unaotoka karibu na jicho. Akishtuka hutoa mlio mkali puani, na mlio huo ndio uliompa jina.

Somo la babu lilikuwa hivi. Kinachoharibu nyama si unene wa risasi. Kinachoharibu ni kasi yake pamoja na ulaini wa ncha. Risasi yenye ncha laini ya madini wazi hufunguka kama uyoga inapogusa nyama. Kwa pofu au kongoni hilo ni jambo jema, kwa sababu mnyama huanguka upesi. Kwa dikidiki ni balaa. Wamarekani walipotengeneza .220 Swift mwaka 1935, walipata risasi ya gramu tatu hivi inayoruka zaidi ya meta 1,200 kwa sekunde. Mpige dikidiki kwa hiyo, nusu ya mnyama haitaonekana. Lakini risasi ya .375, ambayo Holland & Holland waliitoa mwaka 1912 na ambayo ina gramu 19, ikiwa ni ile ngumu iliyovikwa chuma mwili mzima, hupita upande huu ikatokea upande ule bila kufunguka. Huacha tundu la kupitisha kidole. Risasi iliyoundwa kuvunja mfupa wa nyati ndiyo inayomhifadhi dikidiki.

Wabeba bunduki walikuwa na maneno yao kwa hizo mbili: laini na ngumu. Mzungu aliyetaka ngozi nzima ya dikidiki ya kupeleka kwao alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na babu ndiye aliyeamua kitakachowekwa kwenye kiganja kile. “Wao walikuwa wanapiga,” alisema. “Kuchagua nilichagua mimi.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu. Kama babu aliweza kuchagua vizuri hivyo kwa ajili ya mwingine, kwa nini kwenye kopo kitu pekee kilichokuwa chake mwenyewe ni goroli ya gobori?

Jibu linaanzia mbali na Itigi, jijini Brussels, tarehe 2 Julai 1890. Mataifa yaliyokutana huko kuzungumzia kukomesha biashara ya watumwa yalikubaliana pia kuhusu bunduki. Kabla ya hapo makumi ya maelfu ya silaha yalikuwa yakiingia bara kila mwaka kupitia Unguja na bandari za pwani. Mkataba wa Brussels ulipiga marufuku kuwauzia Waafrika silaha za kisasa katika eneo kubwa lililoanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida.

Hoja iliyotolewa ilikuwa watumwa, na ni kweli kwamba bunduki zilitumika kukamatia watu. Lakini angalia mwaka. Ni wakati huohuo ambapo teknolojia ya silaha iliruka hatua kubwa. Baruti isiyo na moshi ilikuwa imegunduliwa Ufaransa miaka ya 1880. Mauser ya milimita 7 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mtutu wenye mifuo uliizungusha risasi na kuifanya iende moja kwa moja mamia ya meta. Mlango ulifungwa Waafrika wakiwa upande wa gobori: unamimina baruti mdomoni, unashindilia, unatia goroli, unashindilia tena, unapiga mara moja, halafu unasubiri moshi utawanyike ndipo ujue kama umepata au umekosa.

Mwenye gobori hachagui risasi. Huyeyusha alichonacho. Chaguo lake pekee ni umbali: asogee hatua ishirini, au arudi nyumbani.

Upande wa pili wa mlango, kuchagua kuligeuka kuwa starehe. Theodore Roosevelt alipotia nanga Mombasa mwezi Aprili 1909, alikuja na Springfield ya jeshi la nchi yake, Winchester ya .405, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata aliorodhesha wanyama aliowapiga yeye, 296, na wa mwanawe Kermit, 216. Swala wadogo wamo. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja na kwingineko, aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa Mauser hiyohiyo ya milimita 7, ambayo Rigby wa London waliiita .275. Siri yake ilikuwa risasi ngumu na kujua ubongo wa tembo umekaa wapi. Babu hakuwahi kusikia jina la Bell, ila alikuwa na elimu ileile.

Kuna sehemu nyingine ya habari hii ambayo ilinichukua muda kuimeza. Risasi laini ina jina la mahali: Dum Dum, karibu na Calcutta, ambako kiwanda cha jeshi la Waingereza nchini India kilitengeneza risasi za kufunguka katika miaka ya 1890. Mwaka 1899, kwenye mkutano wa The Hague, mataifa yalitangaza kwamba risasi za namna hiyo zisitumike vitani baina yao. Mjumbe wa Uingereza alipinga. Alidai zinahitajika katika vita vya makoloni, kwa sababu mtu asiyestaarabika haanguki kwa risasi ngumu. Uingereza ilikubali azimio hilo mwaka 1907 tu. Kwa hiyo mgawanyo wa laini na ngumu ambao babu aliujua kwenye kiganja ulikuwa umejadiliwa mezani, Ulaya, kuhusu watu kama yeye.

Halafu zikaja sheria za wanyama. Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1896, zenye leseni na hifadhi. Mwaka 1900, mjini London, mataifa ya kikoloni yalitia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Haukuwahi kuanza kufanya kazi, lakini fikra zake zilidumu. Ulitaka leseni, na ulitaka nyavu na mashimo ya kutegea vizuiwe kadiri iwezekanavyo. Mwanahistoria Edward Steinhart, akiandika kuhusu Kenya mwaka 2006, aliona mgawanyo huo wazi kiasi cha kuuweka kwenye jina la kitabu: mweusi ni jangili, mweupe ni mwindaji.

Mduara wake ni rahisi kuuchora. Unamnyima mtu bunduki iliyo sahihi. Anabaki na gobori na mtego. Gobori hujeruhi, mnyama hukimbia akafie mbali. Mtego huchelewa kuua. Ndipo unapoandika kwamba Mwafrika ni mwindaji katili asiyejua kuchagua zana.

Sisemi haya ili kuusifu mtego. Kitanzi cha waya hakichagui jike lenye mimba wala simba aliyepita njia, na leo kinaua wanyama wengi katika mapori yetu. Wala sidhani kwamba kila kijana wa Itigi angepewa Mauser mwaka 1890 leo tungekuwa na dikidiki wa kutosha. Ninachosema ni kwamba ukatili una historia, na historia hiyo ina saini chini yake.

Uhuru ulikuja, babu akaendelea kubeba bunduki. Mwezi Septemba 1973 serikali ilisimamisha uwindaji nchi nzima. Kambi zilifungwa, na mtu aliyekuwa akijua risasi ya kila mnyama akawa hana kazi. Mwaka uliofuata familia ilihamishiwa kijiji cha ujamaa, karibu na barabara. Mvua zilikuwa zimegoma, na nchi ilikuwa ikila unga wa njano uliotoka ng'ambo. Mama yangu alikuwa na miaka minane. Bibi alikuwa amejifungua na hana maziwa.

Mwaka 1975 babu alifungwa miezi sita. Niliijua habari hiyo kama fununu ya familia, jambo ambalo wajomba hawalisemi mbele ya wakwe. Alipatikana na gobori lisilo na kibali na ngozi ya dikidiki. Uwindaji ulifunguliwa tena mwaka 1978, lakini hakuna aliyemwita kazini. Mbeba bunduki aliyefungwa kwa ujangili habebi bunduki tena.

Kwa miaka mingi niliamini nimeshaimaliza hadithi. Babu alimpiga dikidiki kwa gobori, kwa goroli kama hii niliyonayo, kwa sababu sheria ya miaka themanini na tano nyuma ilikuwa imemwachia chaguo hilo tu. Niliandika hivyo kwenye rasimu ya kwanza ya insha hii. Kisha nikampigia mama simu kumsomea.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, “Gobori lilipigwa saa ngapi?”

Nikamwambia sijui.

“Halikupigwa. Askari walikuwa kambini, pale ng'ambo ya korongo. Wangesikia. Baba alitega kamba ya katani, akalala kichakani usiku kucha pembeni yake ili asimwache mnyama ateseke. Alimchinja mwenyewe alfajiri. Bunduki waliikuta darini walipokuja kwa ajili ya ngozi.”

Nilikaa kimya na simu sikioni. Mtu aliyejua ngumu na laini, aliyejua .375 na .22, alipopewa nafasi ya kuchagua kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, alichagua kamba. Alichagua pia kulala pale. Hiyo ya pili haimo katika kanuni yoyote niliyoisoma, ya Wissmann wala ya London.

Goroli iliyo kwenye kopo, basi, haikuwahi kupigwa. Nimeipima kwa mizani ya jikoni, nimeirudisha. Maganda mengine ni ya watu wengine: .375 ya mteja, .303 ambayo ndiyo waliyobeba askari wa wanyamapori, .22 ya padri aliyependa kuwinda kanga.

Kabla ya kukata simu nilimuuliza mama kama yule dikidiki mwingine, mwenzake, alionekana. Wanaishi wawili wawili.

“Alilia,” mama alisema. “Siku mbili tatu tulimsikia kule kichakani. Mama alikunywa supu, maziwa yakashuka. Baba hakuila ile nyama.”