Je, Miaka Yatosha Katika Somo la Historia?

Mwulizeni mtoto wa shule ye yote hapa Tabora Mirambo alikufa mwaka gani, naye atajibu upesi, 1884. Mwulizeni tena, aligombana na Waarabu kwa sababu gani? Atanyamaza, ama atasema kwamba mwalimu hakuliandika hilo ubaoni. Jibu hilo latuhusu sisi walimu kuliko linavyomhusu mtoto.

Hatudharau miaka. Asiyejua lipi lilitangulia na lipi lilifuata hawezi kupima habari yo yote ya kale. Lakini mwaka ni kama kigingi cha kufungia mbuzi, na mtoto aliyekariri miaka mitupu ana vigingi vingi wala hana mbuzi.

Twaeni habari za Mirambo mwenyewe. Stanley alifika Tabora mwaka 1871, naye alikuwa na haraka ya kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Akakuta njia imefungwa, maana Mirambo alitaka wapitao katika nchi yake walipe, na Waarabu wa Tabora hawakukubali. Basi Stanley akashika bunduki, akafuatana nao kwenda kumpiga. Wakashindwa; na mwezi wa Agosti watu wa Mirambo wakaingia Tabora wakachoma nyumba. Katika maandiko ya Stanley ya wakati ule Mirambo ni mnyang'anyi tu. Hata mwaka 1876 Stanley akapita tena upande huu, akaonana naye uso kwa uso, wakachanjiana udugu. Na safari hii amsifu kuwa mtu mpole mwenye adabu njema. Je, ni Mirambo aliyegeuka katika miaka mitano, au ni Stanley, ambaye sasa njia yake haikuzibwa? Mtoto akipewa maneno yote mawili, kila moja na mwaka wake, atajionea kwamba mwandishi naye ni mtu mwenye shida zake. Akipewa moja tu, atalikariri kama Amri Kumi.

Au neno hongo. Siku hizi maana yake ni rushwa. Zamani misafara ilipopita Ugogo iliwatolea watemi nguo na shanga, na wasafiri wa Ulaya wakalalamika vitabuni kama watu walioibiwa. Lakini Ugogo ni nchi kavu. Maji yale yaliyonywewa na wapagazi mamia kwa mamia yalikuwa ya nani? Ushuru wa mpakani hatuuiti wizi.

Tena twafundisha kwamba Livingstone alikufa mwaka 1873. Vema. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mwili wake ulifika papa hapa Unyanyembe, umechukuliwa na Susi, Chuma na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo. Cameron, afisa Mwingereza waliyemkuta hapa, aliwashauri wamzike hapa hapa, kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Wakaendelea hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Watu hawa hawakuwa tena na bwana wa kuwaamuru, na Mzungu mwenye cheo aliwapa ruhusa ya kutua mzigo. Kwa nini hawakuutua? Darasa laweza kushindana juu ya swali hili saa nzima, na hatujaona bado mtoto akisinzia.

Wako wazazi wasemao kwamba maswali ya namna hii yatawafanya watoto wabishi, tena mtihani hauyaulizi. Juu ya mtihani wasema kweli, na hatuwezi kuacha kuwatayarisha watoto. Juu ya ubishi, twaona kwamba mtoto aliyezoea kuuliza, "Nani aliyesema, naye aliliona?" hadanganyiki upesi na maneno ya sokoni, wala na ya wakubwa.

Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, si mbali na mji. Tukiwapeleka watoto kuitazama tembe ya huko, kalamu zingoje kidogo. Tuwaulize kwanza mizigo iliyojaa humo ililetwa kwa mabega ya nani, naye alilipwa nini.