Sentrosomu

sentrosomu nm [i-/zi-] (biolojia) Oganeli ndogo iliyo karibu na kiini cha seli, ambayo hupanga nyuzi za protini zinazotenganisha kromosomu wakati seli inapogawanyika. Umbo la neno halibadiliki katika wingi: sentrosomu hii, sentrosomu hizi.

Asili

Neno hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: kentron, lenye maana ya katikati, na soma, lenye maana ya mwili. Lilianza kutumiwa na mwanabiolojia Mjerumani Theodor Boveri mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1914 Boveri alichapisha hoja kwamba uvimbe wa saratani huweza kuanza pale seli inapogawa kromosomu zake isivyo sawa, na kwamba sentrosomu zilizozidi ni njia mojawapo ya kufikia hali hiyo.

Muundo na kazi

Sentrosomu ya mnyama ina sentrioli mbili, mfano wa mapipa mafupi yaliyowekwa pembemraba, zikizungukwa na protini nyingi. Kutoka katika protini hizo huchipuka nyuzi ziitwazo mikrotubuli. Seli inapojiandaa kugawanyika, hunakili DNA yake mara moja, na sentrosomu nayo hujinakili mara moja tu. Sentrosomu mbili zinazopatikana huelekea ncha mbili za seli. Nyuzi zake hushika kromosomu na kuzivuta pande mbili, na kila seli mpya hurithi seti kamili ya kromosomu pamoja na sentrosomu moja.

Si kila kiumbe kina oganeli hii. Mgomba, ambao ni uhai wa vibanja vya Bukoba na Muleba, hauna sentrosomu, kama ilivyo kwa mimea yote itoayo maua. Hata hivyo, seli zake hugawanyika kwa utaratibu, kwa kuwa nyuzi hupangwa na protini zilizotawanyika. Migomba ya ndizi za kupika ya ukanda huo ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, jumla 33. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa katika meiosisi. Hiyo ni sababu mojawapo ya ndizi kukosa mbegu na ya mkulima kupanda machipukizi. Basi, sentensi “kila seli hai ina sentrosomu” ni kosa la sayansi hata pale ambapo Kiswahili chake ni safi.

Katika maradhi

Sentrosomu zikizidi mbili, nyuzi huweza kuvuta kromosomu kuelekea ncha tatu au nne. Seli nyingi zinazotokana na mgawanyiko wa namna hiyo hufa. Chache huishi zikiwa na kromosomu pungufu au za ziada, na baadhi huweza kuelekea saratani. Mabadiliko ya kurithi katika jeni za protini za sentrosomu huweza pia kusababisha mtoto kuzaliwa na ubongo mdogo, kwa sababu seli zinazojenga ubongo hushindwa kuongezeka inavyopasa.

Mfano unaowagusa watu wengi zaidi ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Husababishwa na aina kadhaa za virusi vya papiloma vya binadamu (HPV). Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kubainisha jambo hilo. Protini ya virusi iitwayo E7 huvuruga unakili wa sentrosomu, na nyingine iitwayo E6 huondoa p53, protini inayozuia seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika. Mwanamke anayeishi na Virusi Vya UKIMWI (VVU) yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mwili wake hushindwa kuiondoa HPV kwa urahisi. Katika Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, uhusiano huo hauwezi kuachwa nje ya maelezo ya afya. Chanjo dhidi ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wenye umri wa miaka 14.

Matumizi

1. Sentrosomu, sentrioli na sentromea hazibadilishani nafasi. Sentrioli ni sehemu ya sentrosomu. Sentromea ni mahali katika kromosomu panaposhikwa na nyuzi. Mfano: Nyuzi kutoka katika sentrosomu hushika kromosomu kwenye sentromea.

2. Neno kitovu hufaa kwa maelezo, si kwa istilahi. Wakazi wa Bukoba hulifahamu katika kitovu cha tetemeko, hasa tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Kwa mfano huo mwalimu aweza kusema kwamba sentrosomu ni kitovu cha nyuzi za seli. Katika mtihani na tafsiri rasmi, iandikwe sentrosomu. Neno kiini lisitumike, kwa kuwa limekwisha kuchukua maana ya sehemu ya seli inayohifadhi DNA.

3. Seli zilizobadilika si sawa na saratani. Kipimo cha mlango wa kizazi kinachotumia siki huonyesha mara nyingi mabadiliko ya awali ambayo hutibika kabla ya saratani kutokea. Kipeperushi kinachosema “una seli za saratani” mahali pa “una mabadiliko ya awali” humpa mwanamke wa Muleba hukumu ambayo kipimo hakikuitoa, na huweza kumkatisha tamaa ya kurudi kutibiwa. Iandikwe: Kipimo kimeonyesha mabadiliko ya awali, yanatibika, na si saratani.

4. Kitenzi kinachofaa ni kujinakili, si kuzaliana. Mfano: Sentrosomu hujinakili mara moja katika kila mzunguko wa seli. Kwa hali ya maradhi husemwa kuzidi kwa sentrosomu.

Taz. pia: kromosomu, mikrotubuli, mitosisi, meiosisi, saratani, sentrioli, sentromea.