Kitabu chako cha historia ni toleo la lini?

Haya jameni, leo tuache misimbo kidogo. Wengi wenu mmezoea hadithi zangu za hifadhidata na hitilafu, lakini nina ugonjwa mwingine: vitabu vya rejea vya akiolojia na ulimwengu wa kale. Nilisomea sayansi ya tarakilishi, si historia, ila kazi hii imenizoesha kuuliza swali moja kabla ya kuamini kitabu cha aina hiyo. Ni toleo la lini?

Chukueni Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ni kijitabu cha sura fupi 66, kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mtu wa biashara kutoka Misri ambaye jina lake halijulikani. Sura ya 15 hadi ya 18 zinateremka pwani yetu, ambayo yeye anaiita Azania, mpaka soko la mwisho, Rhapta. Anasema mji huo ulipata jina kutokana na mashua za kushonwa. Aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Lamu ataelewa mara moja. Huko walipeleka mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, wakarudi na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Ukiitafuta bure mtandaoni, kinachokuja kwanza mara nyingi ni tafsiri ya Wilfred Schoff ya mwaka 1912, kwa sababu hakimiliki yake imekwisha. Lakini mwaka 1927 Hjalmar Frisk alitoa upya maandishi ya Kigiriki, na juu ya hayo Lionel Casson akajenga toleo lake la 1989. Tofauti si ndogo. Periplus imetufikia kupitia hati moja ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg na nakala yake iliyoko London, na wanakili walikosea mengi. Kila mhariri ni kama mtu anayerithi programu ya mwenzake aliyeacha kazi bila kuandika maelezo yoyote. Schoff si wa kutupwa, lakini ukibishana na mtu kuhusu neno moja, mwende kwa Casson.

Hayo ni ya Kigiriki. Yanayouma ni ya hapa kwetu.

James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, na mwaka 1954 akachapisha ripoti yake. Kichwa chake kinauita Gedi mji wa Kiarabu, hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Ndivyo wataalamu wengi wa enzi hizo walivyoamini: wageni walikuja na mawe, misikiti na ustaarabu, wenyeji wakawa watazamaji. Vipimo vya Kirkman na michoro yake ya msikiti mkuu bado vinafaa. Kilichozeeka ni maelezo aliyoyajenga juu yake. Data safi, hitimisho bovu. Waprogramu mnaijua hali hiyo.

Halafu akaja Mark Horton. Alichimba Shanga, kisiwani Pate, kuanzia 1980 hadi 1988, na kitabu kikatoka 1996. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Na kuanzia tabaka za chini kabisa, vyungu vingi ni vya kienyeji. Mji ulikua kutoka kijiji cha watu wa hapa hapa, hatua kwa hatua. Sasa fikiria mwanafunzi wa Malindi anayeandika insha kwa kutumia kitabu cha 1954 kwa sababu ndicho pekee kilichopo kwenye rafu. Anaandika kwamba mji ulio jirani na kwao haukujengwa na watu wake, na hana njia ya kujua kwamba jambo hilo lilikwisha kupingwa.

Rejea kubwa ya karibuni ni The Swahili World ya mwaka 2018, iliyohaririwa na Stephanie Wynne-Jones na Adria LaViolette. Bei yake si ya mwanafunzi, kwa hiyo tafuteni maktaba. Na hata hiyo tayari inahitaji kiraka: mwaka 2023 ulitoka utafiti wa DNA kutoka makaburi ya pwani, ukaonyesha kwamba watu wengi waliozikwa humo walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, pamoja na asili ya Kiajemi, hasa kwa upande wa baba, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo hata wale waliodhani wageni hawakuacha chochote ila bidhaa, nao wana kazi ya kusahihisha.

Kwa ramani, kuna Barrington Atlas ya mwaka 2000, ramani 102, zito kama jiwe la kusagia. Kutokana nayo ikazaliwa Pleiades, orodha ya mahali pa kale iliyo wazi mtandaoni. Hapa ndipo moyo wangu unapocheza. Katika Pleiades, mahali ni kitu kimoja, jina lake kitu kingine, na nukta yake kwenye ramani kitu cha tatu. Mji unaweza kuwa na jina bila nukta, au nukta bila jina. Rhapta inahitaji mpangilio wa namna hiyo hasa, maana wapo wanaoiweka karibu na Dar es Salaam, wapo wanaoshikilia delta ya Rufiji, na hakuna aliyeipata. Data yote unaipakua bure, kwa CSV au JSON, na inasasishwa mara kwa mara.