Intel na ndoto ya kuifanya silikoni iwake

Wadau, wiki hii nimezama katika historia ya Intel, kampuni ya Marekani ambayo wengi wetu tunaijua kwa kile kibandiko kwenye kompyuta. Kuna sura moja isiyosimuliwa sana, nimeona niwaletee.

Tatizo lilikuwa hivi. Kwenye kompyuta, taarifa husafiri kwa umeme kupitia shaba. Ukizidisha kasi, joto linapanda na ishara zinafifia njiani. Mwanga hauna shida hiyo kwa kiasi kile, ndiyo maana mkongo wa SEACOM uliofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 una nyuzi za kioo. Lakini leza hutengenezwa kwa malighafi ghali. Silikoni, inayotokana na mchanga, ni rahisi, ila ina kilema: haitoi mwanga wa maana.

Miaka ya 1980 Mmarekani Richard Soref alionyesha kwamba silikoni inaweza angalau kuuongoza mwanga. Intel wakaifuata njia hiyo. Mwaka 2004 walitangaza kifaa cha silikoni cha kuukatakata mwanga zaidi ya mara bilioni 1 kwa sekunde. Mwaka 2006, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakagandisha indiamu fosfidi juu ya silikoni: ukiingiza umeme, mwanga unatoka! Mwaka 2010 wakarusha gigabiti 50 kwa sekunde. Na bidhaa sokoni? Mwaka 2016.

Hesabu mwenyewe: miaka 12 tangu tangazo lile la 2004.

Halafu mwaka 2023, wakiwa katika kubana matumizi, Intel wakaikabidhi kampuni ya Jabil biashara ya vifaa hivyo vya kuchomeka, wao wakabaki na kazi ya kuusogeza mwanga jirani na chipu yenyewe. Muda si mrefu homa ya akili bandia ikapanda, na mwaka 2025 Nvidia nao wakatangaza swichi zao za teknolojia hii.

Waswahili husema mvumilivu hula mbivu. Mimi sasa nina wasiwasi kidogo: wakati mwingine mvumilivu hupanda, akamwagilia, kisha akauza sehemu ya shamba msimu unapoanza.

Hata hivyo siwacheki. Bila ile miaka 12 kusingekuwa na cha kuuza. Swali langu ni la huku kwetu: nani atamlipa mtafiti mshahara miaka 12 bila kumuuliza kila Desemba faida iko wapi?