Nambari za watumiaji wa seva: Jinsi ya kuzibadilisha bila kuvuruga umiliki wa faili

KATIKA vijiji vya Kilifi na Malindi, ni desturi mjukuu kupewa jina la babu au nyanya yake. Ndiyo maana majina kama Kazungu, Karisa, Charo na Kadzo hurudi kizazi baada ya kizazi, na anayemtafuta mtu kwa jina pekee aghalabu huelekezwa kwa watu kadhaa.

Sajili ya wakazi iliyoanzishwa mwaka wa 2000 na watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi ilimtambua kila mkazi kwa nambari yake. Eneo lake lilikuwa kilomita 891 za mraba, na taarifa iliyochapishwa mwaka wa 2012 ilitaja wakazi 260,000. Maafisa walizuru nyumba kila baada ya miezi minne kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Mgonjwa alipolazwa katika hospitali ya Kilifi, tarakilishi ilimtafuta katika sajili hiyo ili matibabu yake yaunganishwe na rekodi sahihi. Nambari ikikosewa, ugonjwa wa mtu mmoja huandikwa kwa mwingine.

Seva, yaani tarakilishi inayohifadhi faili za watu wengi, hufuata kanuni iyo hiyo. Katika mifumo ya Linux, jina la mtumiaji ni la kumfaa binadamu tu. Faili yenyewe huandikwa nambari ya mwenyewe. Nambari 0 ni ya msimamizi mkuu, na nambari ndogo hutengewa huduma za mfumo. Matoleo ya Red Hat yaliyotangulia toleo la 7, lililotoka mwaka wa 2014, yalianza kuwahesabu watumiaji wa kawaida kutoka 500. Toleo hilo na yaliyofuata huanzia 1000, sawa na Debian.

Hapo ndipo mashaka huanzia. Tuseme zahanati imehamisha faili zake kutoka seva kuukuu hadi mpya. Karani aliyekuwa 501 sasa ni 1001, lakini faili zake zingali na alama ya 501, kwa hivyo hawezi kuzifungua. Hatari kubwa zaidi ni pale nambari ya zamani inapopewa mfanyakazi mwingine: bila kuiba neno la siri la mtu, anakuwa mmiliki halali wa rekodi za wagonjwa ambazo hakukusudiwa kuziona.

Kwa hivyo msimamizi wa seva anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, aweke nakala ya akiba ya faili zote na aijaribu kuhakikisha kwamba inafunguka.

Pili, aandike orodha ya kila jina, nambari ya zamani na nambari mpya, kisha athibitishe kwamba nambari mpya haina mwenyewe. Iwapo watumiaji wawili wanabadilishana nambari, mmoja apewe kwanza nambari ya tatu ya muda. La sivyo faili zao zitachanganyika na haitawezekana kuzitenganisha.

Tatu, mtumiaji aondoke kwenye mfumo na kazi zake zote zisimamishwe, zikiwemo zile zilizopangwa kujiendesha usiku.

Nne, nambari ibadilishwe kwa amri ya usermod. Amri hii hurekebisha faili za mtumiaji zilizomo katika folda yake ya nyumbani pamoja na sanduku lake la barua. Zilizo nje ya folda hiyo haizigusi.

Tano, faili hizo za nje zitafutwe kwa amri ya find kwa kutumia nambari ya zamani, na zikabidhiwe nambari mpya kwa amri ya chown. Tahadhari yahitajika kwenye viungo: kibadilishwe kiungo chenyewe, si faili ya mbali kinayoielekeza. Nambari za vikundi nazo zishughulikiwe kando, pamoja na ruhusa za ziada alizopewa mtumiaji kwenye faili za wenzake, kwani nazo huhifadhiwa kwa nambari.

Sita, utafutaji urudiwe. Ikiwa hakuna faili hata moja iliyobaki na nambari ya zamani, kazi imekamilika.

Baada ya hapo, nambari iliyoachwa isigawiwe mtu mwingine. Nakala za akiba za miaka iliyopita bado zinaibeba, na siku zitakaporejeshwa, faili zitamfuata yeyote atakayekuwa nayo. Orodha ya mabadiliko ihifadhiwe kwa sababu hiyo. Aidha, pale ambapo seva kadhaa hushiriki folda moja kupitia mtandao, nambari zilingane katika seva zote.

Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Amri ya kubadilisha nambari huchukua sekunde chache tu. Kuzisaka faili zilizobaki nyuma ndiko huchukua siku nzima, na ndiko humlinda mgonjwa.