Mshale Usiosema Uongo

Mtu achunguzaye pikipiki kuukuu za Uingereza asiuamini uso wa kipimamwendo peke yake. Rangi hupakwa upya, na tarakimu huandikwa tena. Kisichoghushika kwa urahisi ni mwendo wa mshale. Vipimamwendo vya zamani vya Smiths vilivyofungwa katika pikipiki kubwa viliundwa mfano wa saa: mitambo huhesabu mizunguko ya waya kwa muda maalumu, ndipo mshale husogezwa, kwa hiyo huruka hatua kwa hatua. Cha namna hiyo ndicho kilichofungwa katika Vincent Black Shadow mwaka 1948, kipana cha inchi 5, chenye tarakimu hadi maili 150 kwa saa.

Katika miaka ya 1960 mahali pake pakashikwa na kipimamwendo cha sumaku, ambacho Otto Schulze, Mjerumani, alikipatia hataza mwaka 1902. Ndani yake sumaku huzunguka, nayo huzusha umeme katika kikombe cha alumini na kukivuta. Kamani nyembamba hukizuia, na mshale hupanda taratibu. Basi Black Shadow ikionekana na mshale mtulivu, kipimamwendo hicho si kile iliyotoka nacho kiwandani, hata uso wake ukidai vingine.