Portsmouth: mji wa manowari na mpiga mbizi kutoka Guinea

Msikilizaji, wengi wetu jina la Portsmouth tulilisikia kwenye matangazo ya mpira. Mwaka 2008 timu ya mji huo ilitwaa Kombe la FA la Uingereza, na bao pekee la fainali lilifungwa na Mnigeria Nwankwo Kanu. Lakini zaidi ya miaka 450 kabla ya Kanu, kijana mwingine wa Kiafrika alifanya kazi Portsmouth, chini ya maji. Katika makala hii tutamfahamu, na pia tutautembelea mji wenyewe: historia yake, na vitu vinavyowavuta wageni hadi leo.

Mji uko wapi?

Portsmouth iko pwani ya kusini ya Uingereza, kiasi cha kilomita 110 kutoka London. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya kisiwa kiitwacho Portsea. Bandari yake ina mlango mwembamba na ndani ni pana, hivyo meli hukaa salama dhidi ya upepo na adui. Ndiyo maana wafalme waliipenda. Mwaka 1194 Mfalme Richard wa Kwanza aliupa mji huo hati ya kwanza ya haki zake. Mwaka 1495 Henry wa Saba akajenga hapo chelezo, yaani mahali ambapo meli huingizwa, maji yakaondolewa, na mafundi wakafanya matengenezo penye ukavu. Kilikuwa miongoni mwa vyelezo vya mwanzo kabisa barani Ulaya.

Meli iliyozama mbele ya mfalme

Manowari Mary Rose ilijengwa Portsmouth mwanzoni mwa utawala wa Henry wa Nane. Tarehe 19 Julai 1545 ilitoka kupambana na meli za Ufaransa. Mfalme alikuwa nchi kavu akitazama. Meli ilipokuwa ikigeuka ililala upande, maji yakaingia kupitia matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama. Juu ya sitaha kulikuwa na nyavu za kuzuia adui asirukie ndani, nazo ndizo zilizowanasa mabaharia. Kati ya watu wapatao 500, walionusurika hawakufika 40.

Mizinga ilikuwa mali ghali, na mfalme aliitaka. Mwaka 1547 kazi hiyo alipewa Piero Paolo Corsi, mtu wa Venice, aliyekuwa na kikosi cha wapiga mbizi. Kinara wao alikuwa Jacques Francis, kijana wa miaka kama 20, mzaliwa wa pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Wakati huo Waingereza wachache sana walijua kuogelea, sembuse kuzama hadi kwenye meli iliyolala chini ya bahari.

Baadaye Corsi alishtakiwa kwa wizi wa bati lililotolewa kwenye meli nyingine, na Jacques Francis akaitwa mahakamani mwaka 1548 kutoa ushahidi. Upande wa pili ulidai asisikilizwe, ukisema ni mtumwa na hana dini. Mahakama ilimsikiliza. Ni mmoja wa Waafrika wa kwanza wanaojulikana kutoa ushahidi katika mahakama ya Uingereza, na maneno yake yamehifadhiwa mpaka leo.

Mary Rose yenyewe ilikaa baharini hadi tarehe 11 Oktoba 1982, ilipoinuliwa mbele ya kamera za televisheni. Mbao zake zilinyunyiziwa maji, baadaye aina ya nta, kwa takriban miaka 30 ili zisipasuke. Jumba lake la makumbusho lilifunguliwa mwaka 2013. Ndani kuna vitu zaidi ya 19,000 vilivyotolewa chini ya maji: vitana vya chawa, bakuli za mbao, viatu, dadu, pinde, sanduku la dawa la tabibu, hata mifupa ya mbwa wa melini. Mambo ya wafalme yameandikwa vitabuni. Habari za baharia wa kawaida unazisoma kwenye kitana chake.

Mashine, vita na watumwa

Meli za matanga zilihitaji makapi mengi ya kupitishia kamba. Kuanzia mwaka 1803 mhandisi Marc Brunel alifunga Portsmouth mashine za kuyatengeneza, na watu 10 wakaweza kufanya kazi ya watu 110. Hiyo ni mojawapo ya hatua za mwanzo za uzalishaji wa viwandani duniani.

Mwaka 1807 Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa, na mwaka uliofuata kikosi cha manowari chenye makao yake Portsmouth kikaanza doria pwani ya Afrika Magharibi. Tusisahau kwamba kabla ya hapo jeshi hilohilo la majini lilikuwa likizilinda meli za wafanyabiashara, wakiwemo wa watumwa.

Na hata pwani yetu imewahi kuona kazi ya mafundi wa Portsmouth. Manowari Royal Sovereign iliyojengwa hapo na kushushwa majini mwaka 1915 ilihamia Kilindini, Mombasa, mwaka 1942, wakati Japani ilipokuwa ikitishia Bahari ya Hindi. Portsmouth nayo iliteseka katika vita hivyo. Mabomu ya Wajerumani yaliteketeza sehemu kubwa ya mji. Juni 1944 maelfu ya wanajeshi waliondokea hapo kwenda kuikomboa Ufaransa.

Mgeni akifika aone nini?

Treni kutoka London inashusha abiria hatua chache tu kutoka eneo la kihistoria la bandari. Mbali na Mary Rose, mjini kuna:

• Victory, meli ya Admirali Nelson, aliyeuawa vitani Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Tangu 2022 iko kwenye matengenezo makubwa.

• Warrior ya mwaka 1860, manowari ya kwanza ya Uingereza yenye mwili wa chuma uliokingwa kwa deraya. Kwa karibu miaka 50 ilitumiwa kama gati la mafuta kabla ya kuokolewa.

• Mnara wa Spinnaker, mita 170, wenye umbo la tanga lililojaa upepo.

• Nyumba alimozaliwa mwandishi Charles Dickens mwaka 1812. Baba yake alikuwa karani wa mishahara ya jeshi la majini.

• Ufukwe wa Southsea. Usitarajie mchanga kama wa Bamburi au Paje. Huko ni kokoto. Karibu na hapo kuna ngome ya Henry wa Nane ya mwaka 1544 na makumbusho ya vita vya 1944.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye joto. Mtanzania au Mkenya atahitaji viza.

Ujenzi wa meli Portsmouth ulikoma mwaka 2014, ingawa manowari bado zina makao yake hapo. Siku hizi watu hulipa kiingilio kuiona meli iliyozama na kumtia mfalme hasara. Ukijaliwa kufika, simama mbele ya mbao hizo, umkumbuke yule kijana wa Guinea aliyezifuata chini, wakati watu wa huko walikuwa wakiogopa hata kuogelea.